Mwalimu mgeni anakuja Chamwino Januari: maji, umeme, joto, tuanze na kipi?

mtaaluma_chamwino
Wakuu, habari za jioni. Sekondari yetu inapokea mwalimu wa kujitolea kutoka Uingereza, fizikia na hesabu, Januari hadi Novemba. Nyumba aliyopangiwa ina vyumba viwili, bati tupu bila dari, paa mita 8 kwa 9. Tanesco upo ila unakatika hata siku nzima, na ukirudi unacheza. Bomba linatoa mara mbili kwa wiki. Kisima cha kijiji ni maji ya chumvi. Pesa haitoshi kufanya yote. Tuanze na kipi?

Fundi Gata
Maji, mkuu. Bila umeme atasahihisha madaftari kwa tochi; bila maji atapanda basi arudi mjini.

Paa hilo ni mita za mraba 72. Milimita 1 ya mvua kwenye mita 1 ya mraba ni lita 1. Toa moja ya tano inayopotea, mvua ya milimita 10 inakupa lita 570 hivi. Simtanki ya lita 3,000 itajaa kwa mvua chache tu za Januari. Kazi ipo kiangazi, maana mvua zetu huishia Aprili mpaka Desemba tena. Akitumia lita 10 kwa siku, kunywa na kupika tu, siku 220 ni lita 2,200. Kwa hiyo ya mvua yawe ya mdomo, ya chumvi yawe ya kuoga, kudeki na choo. Msijazie tanki hilo maji ya kisima hata siku ya shida, mtaharibu yote yaliyomo.

Likijaa ni tani 3, msiliweke juu ya mbao. Jenga msingi wa mawe na zege uliosawazishwa vizuri; kokoto moja chini ya kitako inatosha kulipasua. Mvua ya kwanza baada ya kiangazi chomoa bomba la gata, paa lioshwe vumbi na kinyesi cha ndege kwanza. Mdomo wa tanki funga wavu wa mbu. Ya kunywa bado yachemshwe.

JuaLaKizota
Sola nayo ina hesabu. Taa 3 za wati 5 kwa saa 5 ni wati-saa 75 (wati mara saa). Laptop ya wati 45 kwa saa 3 ni 135. Simu 30. Feni ya DC, inayotumia umeme wa betri moja kwa moja, ya wati 15 kwa saa 8 ni 120. Jumla wati-saa 360 kwa siku. Betri ya volti 12, ampea-saa (Ah) 100, ina wati-saa 1,200, ila hizi za asidi usishuke chini ya nusu, kwa hiyo hesabu 600. Paneli chukua wati 150. Ukichukua 100 betri haitajaa, na betri isiyojaa inakufa mapema.

Paneli itazame kaskazini, mwinamo nyuzi 10 hadi 15. Kiangazi pangusa vumbi kila wiki, alfajiri, kioo kikiwa bado baridi. Weka fyuzi ya ampea 30 karibu kabisa na betri, mafundi wengi wanairuka. Betri ya maji iongezewe maji ya betri peke yake. Ya kisima chenu yanaua sahani za ndani ya betri.

Na printa ya leza isiguse inveta ndogo, ile inayogeuza umeme wa betri uwe kama wa Tanesco! Ikipasha moto inavuta wati mia kadhaa hadi 1,000. Mitihani chapeni kwa printa ya wino.

Mama Hesabu
Kaka wa Kizota, feni chini ya bati tupu inazungusha moto tu. Dari kwanza. Silingibodi, kisha matundu ya hewa pande zote mbili za kenchi, yafunikwe wavu popo wasiingie. Ratiba nayo ni dawa: fizikia na hesabu vipindi vinne vya kwanza, mchana mazoezi ya vikundi. Oktoba na Novemba ndiyo joto lenyewe. Ila mwambieni alete sweta, Juni na Julai usiku wa Dodoma unauma, na wageni hawaambiwi.

mtaaluma_chamwino
Asanteni sana. Na umeme ukirudi ukiwa unacheza?

JuaLaKizota
Ukikatika tu, achomoe friji na laptop, aache taa moja imewashwa. Taa ikitulia dakika 5 bila kufifia ndipo arudishe, friji ya mwisho.