Tupeane uzoefu wa pleya za santuri: sindano inaruka, spika inatikisa kabati, nyie mmefanyaje?

Wa Mji Mkongwe
Assalaam aleykum. Nakaa ghorofa ya pili, nyumba ya zamani ya boriti za mikoko na chokaa. Marehemu babu kaniachia pleya na sanduku la santuri za taarab. Mtu akikatiza ukumbini sakafu inanesa, sindano inaruka. Mama watoto akipita na sinia, ubeti wa tatu tunausikia kabla ya wa pili. Vile vigao vya kuzuia mtetemo, vya kuwekea chini ya pleya, nimeviona mtandaoni, bei yake bora ninunue mbuzi. Semeni mliyoyafanya wenyewe, si ya kusikia.

Ndara Moja
Mie nipo Michenzani, sakafu ya zege, hata watoto wakicheza rede ndani hainesi. Mashaka yangu yalikuwa spika. Zilikaa kabati moja na pleya; nikipandisha sauti, unakuja mngurumo mzito unaojiongeza wenyewe. Besi inapita kwenye mbao mpaka kwenye sindano, sindano inaipeleka tena kwenye amplifaya, inazunguka hivyo hivyo. Nikazishusha spika kwenye stuli, chini yake vipande vinne vinne vya ndara kuukuu. Kimya. Ila mke wangu mpaka leo anatafuta ndara yake ya kushoto.

Mpemba wa Wete
Nilikata mipira ya tenisi nusu nusu, juu nikaweka ubao mzito na pleya. Kwangu, nyumba ya chini, besi ya spika ikakoma kusumbua. Nikajiona fundi, nikampelekea dada yangu Unguja, naye anakaa juu kama mwenye mada. Lo! Ikawa mbaya zaidi.

Nimekuja kufahamu baadaye. Kitu ukikiweka juu ya mpira kinapata mdundo wake, yaani kasi yake chenyewe ya kutetemeka. Mtetemo wenye kasi kubwa kuliko mdundo huo unazuiwa, lakini ule unaokaribiana nao unakuzwa. Besi ni makumi ya mitetemo kwa sekunde, mpira unaiweza. Sakafu inayoneswa na nyayo inakwenda polepole, karibu na mdundo wa pleya juu ya mpira, na mkono wa sindano wenyewe kwa kawaida una mdundo wake kwenye mitetemo 8 hadi 12 kwa sekunde. Kwa hiyo pleya ilikuwa inacheza ngoma pamoja na sakafu.

Kijana wa Ng'ambo
Weka sarafu juu ya kichwa cha sindano. Mjomba wangu ndivyo afanyavyo.

Mpemba wa Wete
Na santuri za mjomba wako zina hali gani? Sindano ya LP inataka uzito wa gramu mbili hivi. Ukiongeza sarafu unailima santuri kama shamba.

Seremala
Mwenye mada, usihangaike na mipira. Boriti zako zimelala kutoka ukuta hadi ukuta, katikati ndiko zinakonesa zaidi. Leo hii, bila ya senti, sogeza meza mpaka ukutani zinakoingia vichwa vya boriti. Halafu piga rafu kwenye ukuta wenyewe, ule wa mawe ni mnene, mtu anayetembea hautikisi. Tahadhari moja: usitegemee plasta, chokaa inamung'unyuka. Nimeshaona rafu imeanguka na vitu vyake. Toboa mpaka kwenye jiwe, jaza udongo wa saruji, acha ukauke siku kadhaa ndiyo utie mzigo. Na kama nyumba ina kidaka kipana, lile shubaka la ndani ya ukuta, basi rafu ya nini? Wazee wameshakufanyia kazi.

Wa Mji Mkongwe
Fundi, Mungu akuweke. Meza nimeisogeza jana usiku. Sinia sasa inapita salama. Inaruka akija shemeji tu, naye ni mtu wa kilo zake. Kidaka kipo, nimekipima, pleya inaingia na nafasi inabaki. Tatizo ndani yake imo misahafu tangu enzi za bibi, na mama watoto kasema taarab haitoi msahafu mahala pake. Hiyo rafu unapiga kwa bei gani?