Mrejesho: Apache 2.0 ndani ya programu ya GPL

Wakuu, niliuliza kama naweza kuunganisha maktaba (msimbo ulioandikwa tayari na wengine) yenye leseni ya Apache 2.0 na programu niliyoijenga juu ya msimbo wenye GPL, leseni nyingine ya programu huria, toleo la 2. Mlinijibu hazipatani, kwa sababu Apache ina masharti ya hataza (haki za kumiliki uvumbuzi) ambayo GPL 2 haiyaruhusu. Ni kweli. Ila kilichoniokoa ni yule aliyesema nisome vichwa vya mafaili (mistari ya juu inayotaja leseni), kimoja kimoja. Karibu yote yameandikwa "toleo la 2 au lolote la baadaye", basi nimechagua toleo la 3 la mwaka 2007, linalopatana na Apache. Faili moja lilisema toleo la 2 pekee. Nimemwomba mwandishi wake, amekubali kulibadilisha. Maelezo ya hakimiliki na leseni ya Apache nimeyaacha yalivyo. Asanteni sana.