Tupeane uzoefu: hadithi zako za mapenzi unamwandikia nani na unamuuziaje? (Mbeya, Iringa, Njombe karibuni)

Mleta mada, Mwanjelwa:
Habari za majukumu wapendwa. Mchana nauza mitumba Mwanjelwa, usiku naandika riwaya za mapenzi, huu mwaka wa sita. Nimeona tupeane uzoefu maana huku kwetu kila mtu anaandika kivyake na anaumia kivyake.

Naanza mimi. Kitabu cha kwanza nilijua msomaji wa mapenzi ni mmoja tu, mwanamke, basi. Nikachapa stesheneri, A5 kurasa 64, yaani karatasi 16 za A4 unakunja katikati unapiga pini mbili na kava ngumu juu, nikampa mama mmoja wa kwaya kopi kumi awauzie wenzake. Wiki haijaisha akanirudishia saba, kazifunga vizuri kwenye kitenge, akaniambia kwa upole mwanangu umeandika vizuri ila huu ukurasa wa 22 siwezi kumpa mtu ninayeimba naye sauti ya pili. Ukurasa wa 22 ndo nilikuwa nimewaingiza wale wawili chumbani. Zilezile saba nikaziweka kwenye meza ya mitumba, wadada waliokuja kuchambua blauzi wakazimaliza kabla ya saa kumi jioni, kesho yake mmoja akarudi kuuliza mbona pale chumbani umekatisha haraka hivyo. Kitabu kilekile, ukurasa uleule!

Tangu siku hiyo siandiki mstari kabla sijajua nani atasoma. Wa kwaya wanataka uchumba, posa, wazazi wanagoma, na msidhani moyo haudundi, kuna sura nzima kijana anamshikia binti mwavuli kutoka Kabwe mpaka Mafiati mvua ya Machi, bega lake limelowa lote na hasemi kitu, hiyo sura wananipigia simu mpaka leo. Wa mezani wanataka wivu, mchepuko, simu inayoita usiku. Haya na nyie.

Mdau wa Kihesa, Iringa:
Kamweneee. Mi nauzia wanachuo, WhatsApp tu, vipande vitano bure, kuanzia cha sita unatuma elfu moja. Nilikuwa natuma kwa brodikasti watu 200 wanajibu 30, nikajua hadithi yangu mbovu, nililia kweli, kidogo nifute kila kitu. Kumbe brodikasti inamfikia yule tu aliyesevu namba yako, wengine walikuwa hawapati chochote na mi nailaumu hadithi. Siku hizi mtu akitaka kipande cha kwanza namwambia sevu namba yangu kwanza alafu nitumie jina lako. Lingine, angalieni boom, ile hela ya mkopo wanayopewa wanachuo. Likitoka nauza hadithi nzima, likiisha nauza kipande kipande, wiki za UE, yaani mitihani ya chuo, situmi kabisa maana hata cha bure hawafungui.

Mdau wa Makambako:
Mimi siandiki, nauza magazeti na vitabu stendi. Mnawasahau wanaume. Madereva wa malori ya Tunduma na Songea wanasoma mapenzi kuliko mnavyodhani, ila kava yenye watu wamekumbatiana hashiki, anaona aibu mbele ya utingo wake. Kuna mwandishi mmoja alibadilisha kava tu, akaweka barabara na taa za lori usiku, ndani hajagusa neno, vikatoka vyote. Akinunua atakwambia ni cha mke wangu, sawa, ila anaanza kukisoma palepale kwa mama ntilie ugali unapoa.

Mdau wa Mafinga:
Jamani msiue watu. Sehemu ya mwisho nilimuua bibi harusi nikaona nimeandika kitu kizito, grupu zima likanuna, hadithi iliyofuata hakuna aliyelipia. Wanakubali mateso sura 30 ila mwisho waoane.

Mdau wa Tukuyu:
Kilio changu mimi ni PDF. Niliuza kwa mtu mmoja, siku ya tatu nikakuta kitabu changu kwenye grupu la ukoo, kimeshafowadiwa huko hadi kimerudi kwa mwenyewe. Sasa kila kopi naandika jina la mnunuzi chini ya kila ukurasa, inachosha lakini imesaidia mno.

Na kuna mhariri aliniambia hadithi ihamishie Dar, Tukuyu haiuzi. Nikahamisha, haikuuza. Nikairudisha kwenye mashamba ya chai, mvua, migomba, binti anasema ndaga fijo badala ya ahsante, na walionunua ni watu wa Rungwe na Kyela wanaoishi hukohuko Dar! Wananiambia wakisoma wanasikia baridi la nyumbani.

Mleta mada:
Wa Kihesa ubarikiwe, hiyo ya kusevu namba sikuwa naijua, leo nimepitia wateja wangu wote.

Sasa na mimi nina swali. Yule mama wa kwaya ni mjane, juzi kaja kibandani akakaa kwenye beli akaniambia nyie mnaandika kama mapenzi yanaisha siku mtu anazika mume. Sikulala. Nimeanza kumwandikia yeye na wenzake, ila nimekwama sura ya tatu: mzee kaja na debe la viazi kutoka Uporoto, watoto wa mama wakubwa wote wako sebuleni, hakuna anayemkaribisha kiti. Aliyewahi kuwaandikia wa umri huo aje aniambie anamsemesha nini mama mbele ya wanawe. Na herufi niweke 14 au 16, maana miwani yake naijua.