Eti nembo tatu siyo cheti! Yule wa dirisha la mwisho hapa Mtwara amenivuruga

Binti Shangani (mleta uzi)

Wakuu, salamu baadaye. Nimetoka pale sasa hivi, mikono bado inatetemeka. Naandika nikiwa nimekaa benchi la muuza mabibo hapa nje, na mle ndani leo sirudi hata nikitumiwa difenda.

Simtaji. Mnamjua. Yule wa dirisha la mwisho, mwenye muhuri uliofungwa kamba kwenye droo utadhani tunataka kuuiba tukafungulie wizara yetu. Yule anayepiga simu nyumbani kuuliza dagaa wameungwa nazi au bado, foleni imefika getini na wazee wamekaa chini. Nanyamba wanamjua, Tandahimba wanamjua, naamini hata ng'ambo ya Ruvuma huko Msumbiji akina mama wanatishia watoto kwa jina lake.

Nilipeleka cheti cha uzamili kiingizwe kwenye faili langu. Basi! Sikuomba mkopo, sikuomba kiwanja, sikuomba kiti chake. Programu niliyosoma inaendeshwa na vyuo vikuu vitatu kwa pamoja: nimeanzia Ureno, nikahamia Ufaransa, tasnifu nimeandikia Ubelgiji. Ukihitimu, vyuo vyote vitatu vinakupa cheti kimoja, nembo tatu juu, saini tatu chini. Ndivyo kilivyo, ndivyo kilivyo kwa kila mtu niliyesoma naye.

Akakipokea. Akakigeuza nyuma. Akakiinua kwenye mwanga wa taa, akakishusha. Halafu, wakuu, akaweka KIDOLE GUMBA, kina wino wa muhuri, juu ya nembo mbili za kushoto, akamwita mwenzake wa meza ya pili: "Hebu njoo uone. Nikiziba hizi mbili, hiki ni cheti. Nikiachia, ni tangazo la semina."

Foleni nzima ikacheka. Mtoto aliyebebwa mgongoni akacheka. Mlinzi wa mlangoni, ambaye sijawahi kumwona akicheka tangu nimfahamu, alicheka mpaka kofia ikamdondoka.

Kidole gumba! Kwenye cheti halisi, siyo fotokopi! Alama ya zambarau ipo hapa pembeni ya nembo ya pili, nimeifuta kwa kanga imezidi kutanuka.

Akaniambia nichague. Nichague chuo kimoja, nikalete barua ya hicho kimoja, ndipo atajua aandike nini kwenye fomu kwa sababu fomu ina mstari mmoja. Mstari! Miaka yangu miwili ya baridi na kulala maktaba imeshindwa na mstari wa fomu. Na barua ya utambuzi ya TCU, Tume ya Vyuo Vikuu, nilikuwa nimeibana juu kabisa, kabla hata ya cheti. TCU ipo tangu 2005 kwa Sheria ya Vyuo Vikuu, Sura ya 346, na kutambua digrii za vyuo vya nje ni kazi yake, wakishatambua wao kazi imekwisha. Hakuisoma. Aliisogeza pembeni kwa kiwiko ili apate nafasi ya kuweka kile kidole gumba.

Sina la zaidi. Nataka kujua nani mwingine ameshafanyiwa hivi na huyu mtu. Wasimamizi, msiunganishe uzi huu na ule wa maji, huu una hasira zake.

Njomba wa Chikongola

Nimefika "dirisha la mwisho" nikajua. Njomba wetu huyo! Mimi alinirudisha kwa sababu kwenye picha ya pasipoti nilikuwa nimetabasamu. Akasema mtu mwenye shida hatabasamu. Dada, wewe amekuhurumia.

Korosho Karanga

Vyuo vitatu cheti kimoja. Ada mlichanga?

Mpiga Debe Mkanaledi

Nembo tatu dada, hapo ongeza ya chama cha msingi ziwe nne, ugombee udiwani kabisa.

Binti Shangani

Chekeni. Nilikuwa na ufadhili, ada haikunihusu. Mnachocheka ninyi ni nembo, mimi nazungumzia kidole. Mtu mzima, ofisini, mbele ya watu, anaziba jina la chuo nilichotolea jasho kwa kidole gumba chenye wino ili wenzake wacheke. Angenikatalia tu kistaarabu ningeondoka zangu.

Mwalimu Ligula

Mwanangu, pole sana. Mimi ni mstaafu, nimekaa kwenye kamati za mitaala mpaka nikaota mvi, nisikilize kidogo.

Jambo hili limewasumbua hata hao Wazungu wenyewe. Kila nchi ina chombo chake cha ithibati na kanuni zake. Huyu anataka tasnifu iwe na krediti kiasi fulani, yule anataka cheti kiandikwe kwa muundo wa sheria yake, na kuna nchi ambazo sheria haikuruhusu chuo chake kutia saini cheti kimoja na chuo cha nje. Kwa hiyo programu moja ilikaguliwa na kila nchi upya: ripoti tofauti, wakaguzi tofauti, gharama tofauti, na ikaweza kupita huku ikakwama kule. Programu ileile, wanafunzi walewale!

Ndipo Mei 2015, kwenye mkutano wa Yerevan, mawaziri wa nchi za mchakato wa Bologna, yaani makubaliano ya Ulaya ya kuoanisha elimu ya juu, wakapitisha utaratibu mmoja wa kukagua programu za pamoja. Chombo kimoja, kilichomo kwenye EQAR, rejesta yao ya vyombo vya kukagua ubora, kinakagua programu yote kwa mkupuo. Jopo lisipungue watu 4, mmoja wao awe mwanafunzi, na watoke angalau nchi mbili kati ya zile zinazoshiriki. Wanasoma mkataba wa ushirikiano wa vyuo: nani anadahili, mitihani inasahihishwaje, cheti kinaitwaje. Ikipita, ithibati inadumu miaka 6. Ilikusudiwa hivyo makusudi ili mhitimu asiulizwe swali aliloulizwa huyu binti, "chuo chako ni kipi kati ya hivi?" Chuo chake ni vyote. Hilo lilikubaliwa kabla hajavuka bahari.

Mpiga Debe Mkanaledi

Mwalimu shikamoo. Yerevan ndiyo wapi?

Mwalimu Ligula

Marahaba. Armenia.

Mpiga Debe Mkanaledi

Hapo gari langu halifiki.

Naliendele Juu

Tuwe wakweli jamani. Mmesahau 2017? Watumishi 9,932 walikutwa na vyeti vya kughushi, watu wakaondolewa kazini, ofisi zikabaki na viti vitupu. Tangu hapo kila karani anaogopa. Akipitisha karatasi yenye nembo tatu, kesho ikibainika ina walakini, anayeitwa kujieleza ni yeye, siyo wewe uliyesoma Ubelgiji. Mimi simtetei lakini namwelewa.

Binti Shangani

Kaka, huo uhakiki wa 2017 ulikuwa wa vyeti vya kidato cha nne, cha sita na vya ualimu, na walikaa chini na Baraza la Mitihani wakalinganisha majina na namba. Hapakuwa na aliyehakiki kwa KIDOLE GUMBA. Anayeogopa kughushiwa anasoma barua ya utambuzi. Anaandika barua TCU kuuliza. Anapiga simu, maana simu anayo na salio analo, dagaa ni mashahidi. Huyu alisogeza barua kwa kiwiko! Mtu mwenye hofu hafanyi vichekesho, anatetemeka.

Naliendele Juu

Sawa dada. Ila nembo tatu ni nyingi.

Mikindani Bagamoyo

Afadhali yako wewe cha kwako ni kimoja. Mume wangu programu yake ya vyuo viwili, lakini wao hawakutoa cheti cha pamoja, kila chuo kilitoa chake. Digrii moja, vyeti viwili, tarehe moja. Alipopeleka dirisha hilohilo aliulizwa: "Ulisomaje nchi mbili kwa wakati mmoja, ulikuwa unapaa?" Akaambiwa akaripoti kimoja kama kimepotea.

Binti Shangani

Dada MUNGU ANAKUONA. Kwa hiyo kimoja chenye nembo tatu ni kosa, na viwili vyenye nembo mojamoja ni kosa. Yeye anataka nini sasa? Na yeye mumeo alizibiwa kwa kidole au huo upendeleo ni wangu?

Mikindani Bagamoyo

Hakuzibiwa. Aliulizwa tu kama ana mke na huko pia.

Kijana wa Mtanda, Lindi

Swali kwa Mwalimu. Huo utaratibu wa Ulaya, sisi Afrika Mashariki hatuna? Maana vyuo vyetu vikiungana na vya Kenya na Uganda tutaishia kwenye kidole hikihiki.

Mwalimu Ligula

Msingi upo. Baraza la Vyuo Vikuu vya Afrika Mashariki, lile la Kampala, lipo tangu 1980. Mwaka 2017 wakuu wa nchi za Jumuiya waliitangaza Afrika Mashariki kuwa eneo moja la elimu ya juu. Afrika nzima ina Mkataba wa Addis Ababa wa 2014 wa kutambuana masomo na vyeti, na UNESCO ina wa dunia nzima wa 2019. Karatasi zipo, tena nzuri. Lakini ithibati ya programu bado inatolewa na chombo cha kila nchi. Hapa kwetu chuo hakidahili kwenye programu ambayo TCU haijaipa ithibati, na mwenzake wa Nairobi ana Kamisheni yake. Mpaka vyombo hivyo vikubali kukaa meza moja na kusoma ripoti moja, vijana wataendelea kuzunguka na bahasha. Hilo linaniuma kuliko karani, kwa sababu karani tutamlaumu leo na kesho, lakini fomu yenye mstari mmoja ametengenezewa na mtu.

Njomba wa Chikongola

Mwalimu, ukigombea kura yangu unayo.

Hamisi au Khamis

Ninyi mnalia nembo. Mimi cheti cha kuzaliwa ni Hamisi, cha kidato cha nne Khamis, NIDA Hamis. Nimeapa kiapo mbele ya wakili kwamba hawa watatu ni mimi. Yule wa dirisha la mwisho akasema niwalete wote watatu.

Korosho Karanga

😂😂😂 Huyu amewashinda wote. Uzi ufungwe.

Binti Shangani

Pole kaka, lakini usinihamishie uzi. Wewe karatasi zako hazikuguswa. Mimi nina doa hapa. Nimelipiga picha, naweka hapo chini, tazameni wenyewe ukubwa wa kile kidole.

Abiria wa Somanga

Doa linafutika. Mimi Mei 2024, kile kimbunga Hidaya, transkripti zangu zilikuwa kwenye kifurushi cha basi zinatoka Dar. Mvua ikakata barabara, basi likalala njiani, kifurushi kikafika kimelowa chepechepe, wino umehamia kwenye vitumbua vya abiria mwenzangu. Chuo kikasema niombe upya, nilipie upya. Barabara ya Kusini ndiyo adui yetu namba moja, tusidanganyane na madirisha.

Kijana wa Mtanda, Lindi

Kweli kabisa. Mvua ikinyesha siku mbili sisi wa Lindi tunakuwa kisiwa.

Mpiga Debe Mkanaledi

Abiria, usiseme basi lililala njiani, tulilala SISI. Nilikuwemo. Maji ya kunywa yalipanda bei mpaka nikakumbuka kusali.

Mkulima wa Mahuta

Naona mnaongea vyeti, barabara. Sisi huku mnada umepita, bei tumetangaziwa, korosho zimetoka ghalani, hela haijaingia. Chama cha msingi ukiuliza wanakwambia subiri ujumbe wa simu. Simu nimeichaji mpaka betri imevimba.

Mmachinga wa Newala

Mahuta mnasubiri hela, sisi tunasubiri kupimiwa. Magunia yamekaa nje, mvua za kwanza zikija tutauza uji.

Mkulima wa Mahuta

Newala mlichelewa kuanika wenyewe. Korosho yenu unyevu.

Mmachinga wa Newala

WEWE! Unyevu wa nani? Korosho ya Newala ndiyo iliyobeba soko hili. Ninyi salfa mlipewa mkaipulizia mihogo!

Binti Shangani

Jamani, uzi ulikuwa wa cheti. Kidole gumba. Dirisha la mwisho. Nimeuliza nani mwingine ameshafanyiwa, tuandike barua ya pamoja kwa mkuu wake.

Mzee wa Stakabadhi

Vijana, mimi nipo kwenye stakabadhi ghalani, huu mfumo wa kuweka korosho ghalani ziuzwe kwa mnada, tangu ianze 2007, nimeona yote. Mwaka 2018 serikali ilinunua kwa 3,300 kilo, wanajeshi wakaja kubeba, na bado kuna watu walisubiri hela mpaka msimu uliofuata. Mkulima wa Mahuta, nenda pale na nakala ya stakabadhi yako, mwombe katibu akuoneshe jina lako kwenye orodha ya malipo iliyopelekwa benki. Akaunti ikikosewa tarakimu moja hela inarudi.

Mkulima wa Mahuta

Mzee umeniamsha. Mwaka huu walinibadilishia akaunti.

Njomba wa Chikongola

Mzee, na sisi wa mjini tuliokodi mashamba Nanyamba, orodha tunaangalia wapi?

Mzee wa Stakabadhi

Chama kile ulichopimia. Wahi asubuhi, katibu akishatoka kwenda mnadani harudi.

Mmachinga wa Newala

Kuna mtu ana lori linalotoka Newala kesho? Magunia yapo kumi na mawili, bei tuelewane inbox.