Injini ya boti inalegea nikifungua mafuta yote, naomba ushauri

Hamjambo wakuu. Mimi niko Nairobi, boti iko Naivasha. Injini ni ya zamani, stroki mbili, silinda mbili, farasi 40. Ikiwa silensa, yaani inazunguka taratibu bila kufunguliwa mafuta, iko sawa kabisa. Nikifungua mafuta yote inavuta kidogo, halafu inalegea kama imekabwa koo. Ajabu ni kwamba nikiminya ile pampu ya mpira kwenye paipu ya petroli, nguvu zinarudi papo hapo.

Plagi na filta ni mpya, kabureta imesafishwa, kompresheni ya silinda zote ni nzuri. Fundi anataka kufungua injini yote, mimi naona ni haraka mno.

Nitajuaje kama ni diaframu (ule utando unaosukuma mafuta) ya pampu ya petroli kwenye injini imechoka au paipu inavuta hewa? Na diaframu hizo zinapatikana kwenye maduka ya spea ya Kirinyaga Road hapa Nairobi, ama niagize Mombasa?