Mama amechoka na mionzi, anataka kurudi kijijini wiki mbili. Nimkubalie?

Binti wa Mwisho: Wakuu, habari za jioni. Mama ana saratani ya shingo ya kizazi. Kapangiwa mionzi mara 25, Jumatatu hadi Ijumaa, na dripu ya dawa kila wiki. Leo imekuwa ya 14. Anaharisha, chakula hakipiti, na jirani kamwambia mionzi inakata DNA hata za seli nzima, zisizo na saratani. Anataka akapumzike "damu irudi". Ni kweli?

Mzee wa Maabara: Pole mwanangu. Inakata kweli, pale inapopigwa. Ila seli nzima ina breki. DNA ikikatika, protini iitwayo ATM inagundua ndani ya dakika chache na kuiamsha nyingine, p53. Hiyo siku zote hutengenezwa na kuvunjwa papo hapo. Ikiamshwa haivunjwi tena, inajaa kwenye kiini na kuagiza p21 itengenezwe, ambayo inazuia seli isigawanyike. Seli inasimama, inaunga palipokatika, ndipo inaendelea. Isipoweza, inajiua.

Sasa saratani ya mama karibu kila mara chanzo chake ni kirusi cha HPV. Kirusi hicho kina protini yake, E6, inayoipeleka p53 ikavunjwe. Breki hiyo haipo tena! Seli za saratani zinajigawa huku kromosomu, yaani nyuzi zinazobeba DNA, zimekatika, nyingi zinafia hapo hapo. Ndiyo maana dozi inagawanywa kidogo kidogo kila siku: hadi kesho yake seli nzima zimeshaunga sehemu kubwa.

Binti wa Mwisho: Basi akipumzika wiki mbili si zitaunga vizuri zaidi?

Nesi wa Zamu: Hapana mdogo wangu, tafadhali usimruhusu. Seli za saratani zilizobaki nazo zinazaana kwenye hilo pengo. Matibabu yote, pamoja na mionzi ya ndani (inayowekwa kupitia ukeni), yanatakiwa yaishe ndani ya wiki 8. Kuharisha kuna dawa. Andika ameenda choo mara ngapi, mwambie daktari kesho kabla mama hajapanda mashine, na anywe ORS kila akitoka chooni. Akiwa na homa au damu chooni, mpeleke usiku huu huu.

Mzee wa Maabara: Naunga mkono. Msikilize nesi.

Binti wa Mwisho: Asanteni sana. Nimemsomea yote. Kauliza, "Kumbe nikilala zenyewe zinaunga?" Kisha kaomba uji, kanywa nusu kikombe. Kesho saa 1 asubuhi tunaenda ya 15.