Wadada wenye kazi na watoto, hivi muda wa kujitunza mnautoa wapi?

Mama Wawili

Habari za saa hizi wanajamvi. Mwenzenu nina miaka 34, watoto wawili, mkubwa yuko la tatu mdogo chekechea, naishi Mbezi kazi yangu iko Posta. Naamka saa kumi na nusu, napika chai, naandaa watoto, gari la shule likiwachukua tu na mimi mbio kituoni, mwendokasi nasimama mpaka Kivukoni, jioni kufika nyumbani ni saa mbili kama foleni imetuonea huruma. Dada wa kazi aliondoka mwezi wa pili sijapata mwingine, watoto wakitoka shule wanashinda kwa jirani, Mungu ambariki yule mama.

Sasa juzi usiku napanda kitandani naingiza mguu, chandarua kikanasa kwenye kisigino, nikavuta kikachanika kabisa. Kumbe ni magaga yangu. Mume wangu akacheka na mimi nikacheka, ila nilivyoenda bafuni nikawasha taa nikaangalia ile miguu machozi yakanitoka. Rasta zina wiki ya saba kichwani, mgongo unauma, maji ya kunywa nakumbuka nikiona chupa imerudi nyumbani imejaa kama ilivyotoka. Nikiingia Instagram naona wenzangu wako spa wamewekewa matango machoni, mimi hiyo hela sina na hata ningekuwa nayo muda ni ule ule.

Naomba vitu vya dakika kumi kumi na tano mnavyofanya kweli, sio vya kusoma mahali. Nawasilisha.

Binti Makorora

Pole shoga, chandarua tena jamani 😂 mimi yangu ilikuwa inanasa kwenye shuka la satini.

Sikiliza, hayo magaga hayataki hela. Kosa tunalofanya wengi tunapaka mafuta asubuhi miguu imekauka halafu tunavaa ndala tunakimbia, hapo umelainisha vumbi tu. Fanya usiku. Mimi naweka beseni la maji ya uvuguvugu pale pale ninapokaa kukagua madaftari ya watoto, miguu inaloa yenyewe wakati mimi nagombana na hesabu za la nne, dakika kumi na tano zikiisha nasugua na jiwe la miguu taratibu, nafuta mpaka katikati ya vidole, napaka Vaseline ya kutosha navaa soksi kuukuu nalala nazo. Mguu ukiwa bado na unyevu ndio mafuta yanaushika. Wiki mbili utaniambia. Na vile viatu vya wazi nyuma vipumzishe kidogo, ndio vinatupasua.

Halafu sisi Tanga tuna singo, watu wanadhani ni ya bi harusi tu. Mie nasaga liwa, karafuu na mawaridi makavu naweka kwenye kopo, Ijumaa usiku nachota kijiko nachanganya na marashi ya mawaridi najisugua mwili kabla ya kuoga. Dakika kumi. Ukitoka hapo unanukia wewe mwenyewe unajishangaa.

Sista wa Zamu

Mimi ni nesi, naongezea kwa Binti Makorora hapo juu. Magaga msikate na wembe, tunawapokea watu na vidonda vya kisigino kwa ajili hiyo hiyo. Na mwenye kisukari asiloweke wala asijikwangue mwenyewe, aende aangaliwe, maana anaweza kujichubua asisikie maumivu halafu kidonda kikagoma kupona.

Mama Wawili kilichonishtua mimi sio miguu ni hiyo chupa inayorudi imejaa. Najua sababu, mnaogopa kunywa maji kwa sababu ya foleni na vyoo vya mjini, mnabana mkojo kuanzia ofisini mpaka Mbezi, kesho mnakuja kwetu mnalia UTI. Kunywa ukiwa kazini ambako choo unakijua, nenda chooni kabla hujatoka, ukifika nyumbani kunywa tena. Na huko chini ni maji tu kwa nje inatosha, hizi sabuni za manukato na madawa ya kujisafishia ndani ndio zinaleta hizo fangasi mnazozikimbia.

Kingine cha dakika tano: siku chache baada ya hedhi kuisha, ukiwa unaoga na sabuni mkononi, pitisha vidole kwenye matiti mpaka kwapani. Uvimbe mpya, ngozi kubonyea, chuchu kutoa uchafu au damu, usisubiri, njoo. Na ukishafika miaka 30 ukapime saratani ya mlango wa kizazi. Kipimo chenyewe wanapaka kitu kama siki wanaangalia, hakichukui muda.

Mkulu wa Goba

Na sisi wanaume nani anatutunza? Uzi wa kulalamika huu.

Binti Makorora

Mkulu soksi zako za leo kafua nani? Tuanzie hapo.

Baba Junior

😂😂 Mkulu kaa kimya umejileta mwenyewe.

Mimi naongea kama mume. Wife alikuwa anapata hasira kila Jumamosi nikawa sielewi, siku moja nikachukua watoto wote watatu nikawapeleka saluni kunyoa, tukapitia mihogo ya kukaanga, tukazurura, tumerudi baada ya saa tatu nikamkuta kalala kwenye kochi mdomo wazi, TV inajiongelea yenyewe. Sijawahi kumuona kalala mchana tangu tuoane. Sasa ni kila Jumamosi, na sio msaada wala, watoto ni wangu. Dada mwambie huyo mzee anayecheka magaga abebe watoto masaa mawili tu.

Wa Likoni

Salamu kutoka Mombasa. Dadangu hizo rasta zifumue leo, wiki saba ni nyingi, nywele za mbele zitakwisha uanze kutafuta dawa. Suka twende kilioni ya kawaida bila kuvuta, paka mafuta ya nazi kichwani, funga kilemba, hakuna atakayejua. Mimi huwa najifungia bafuni, nawaambia watoto mama anaumwa tumbo, kumbe nimeketi nimepaka liwa usoni. Wameshajua lakini, wanasukuma vikaratasi chini ya mlango.

Mama Wawili

Jamani nimecheka mpaka mume kauliza nachat na nani. Nimempa simu asome ya Baba Junior, kasema "sawa" halafu kageukia ukutani, tutaona Jumamosi.

Jana nimeweka beseni. Mdogo kaja kaingiza na yeye miguu yake, maji yote chini, sikusugua hata kisigino kimoja 😂 leo narudia wakishalala. Rasta nimefumua nusu, nikachoka, nimekuja kazini na kilemba. Sista chupa imeisha saa nane hii nimejaza tena.

Binti Makorora, hiyo singo unaweza kunitumia na basi? Na hilo jiwe la miguu, ni lile jeusi la vitundu au hili la plastiki la msasa? Maana nililonunua limeniacha naungua.